Maji Hayajaiva

Rangi ya manjano ilikuwa inachelewa.

Mbuke Luhende alikiinua kichupa mbele ya dirisha kwa mara nyingine, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani. Maji yalikuwa meupe pe. Siku za kawaida, muda kama huu, yangekuwa yameshaanza kushika rangi ya ganda la ndizi mbivu, naye angekuwa ameketi anatafuna michembe yake ya viazi vikavu huku akisubiri umanjano ukolee. Leo michembe ilikuwa bado imefungwa kitambaani. Hakuwa na njaa. Alikuwa na hofu, na hofu nayo hushibisha kwa namna yake.

Kazi yake katika mji wa Mwaluba ilikuwa kusoma kasi ya maji kuiva. Maji yalikuwapo, chini kabisa ya ardhi, ila yalikuwa na sumu ya pamba: dawa za wadudu ambazo babu za babu zao walizimwaga mashambani mwaka nenda mwaka rudi, hadi zikafanya makazi udongoni. Mvua yenyewe ilikuwa imebaki kuwa hadithi ya kuwalaza watoto. Basi maji yalipandishwa, yakachanganywa na yale yaliyorudi kutoka vyooni na mabafuni, kwa sababu Mwaluba hakuna tone linalotupwa, yakamiminwa kwenye Birika Kuu, yakatiwa magadi na sabuni mama, yakaachwa yaive. Kila chembe ya sumu iliyokatika iliacha umanjano. Umanjano ukikoma kuongezeka, sumu imekwisha. Kilichobaki ni kuchuja kwa mkaa. Hapo Mbuke alisogea kwenye kipaza sauti na kutamka maneno mawili: “Maji yameiva.” Karani, ile mashine iliyoshika koki zote za mji, hakumtii mtu mwingine, hata msimamizi wa maji mwenyewe.

“Karani,” aliita. “Joto likoje?”

“La kawaida,” sauti ilijibu kutoka ukutani. Karani alisema kama watu wa Mwaluba wanavyosema, maana alijifunza lugha kwa kuwasikiliza wao wenyewe kwenye foleni, umbea na matusi yakiwemo.

“Magadi?”

“Ya kutosha.”

“Sabuni?”

“Ya kutosha.”

“Kuna taarifa yoyote isiyo ya kawaida?”

“Iko moja. Zahanati imekiri kwamba taarifa yake ya maji imetiwa chumvi. Idadi ya wagonjwa iliyotajwa imepunguzwa kwa nusu.”

Mbuke alisonya. Ndivyo walivyo watu wa zahanati, akiugua mmoja wanatangaza msiba wa ukoo mzima ili waongezewe mgao. Kisha akajionea haya, kwa sababu Wande, binti yake wa pekee, alikuwa amelazwa hukohuko tangu ugonjwa wa kuhara ulipoingia mtaani kwao. Alilazwa akiwa macho yamezama na ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Sasa alikuwa anapata nafuu, alhamdulillahi, na muuguzi Holo alisema akiendelea hivi atarudi nyumbani karibuni.

Alirudi kwenye vichupa. Mtu asiyejua angesema: ongeza sabuni. Mbuke alijua, lakini hofu humfanya hata ajuaye aonekane mbumbumbu. Akadondosha sabuni mama kwenye kichupa cha pembeni.

Chembe ya sabuni mama ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia. Chembe zikiwa chache, kila moja hutangatanga kivyake. Zikifika kiwango fulani hujikusanya duara, mikia ndani, vichwa nje. Wasomi huliita duara hilo miseli. Watu wa Mwaluba waliliita kikao, na jina hilo lilikuwa na akili zaidi. Sumu ya pamba, ambayo nayo inayakimbia maji, hujificha ndani ya kikao. Makali ya magadi huvutwa na vile vichwa, yakaja kuketi kwenye viti vya ukingoni. Hapo mwizi na askari wanakutana uso kwa uso, na kazi inakwisha kwa muda wa kupika maharage. Pasipo kikao wangetafutana birika zima wiki baada ya wiki, kama mtu na mkewe waliopotezana mnadani. Lakini ukiitisha vikao vingi kupita kiasi, wajumbe wanatawanyika: sumu iko kikao hiki, magadi yako kile, na hakuna linaloamuliwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kichupa cha pembeni kilizidi kuchelewa.

Basi lilibaki jambo moja, na Mbuke alikuwa amelizunguka tangu asubuhi kwa kuogopa kulitaja. Kulikuwa na mgeni ambaye hakualikwa. Chumvi haikati sumu, wala haina neno la kusema kikaoni, inachofanya ni kuja kukalia viti vya magadi. Ikiingia kwa wingi, magadi yanabaki yamesimama nje, na sumu inastarehe ndani. Ndiyo maana Mwaluba walikula ugali na mlenda bila chumvi, na kizazi kizima kilikuwa kimekua bila kuiona. Ile kidogo ya jasho na mkojo iliondolewa na chujio la umeme, ambalo lilijengwa kwa ajili ya watu wenye afya na halikuwa na nguvu ya zaidi ya hapo. Mara ya mwisho chumvi ilipoingia birikani bila kujulikana, watu walikunywa maji mabichi wakidhani yameiva. Walitokwa na mate na jasho, mboni zao zikasinyaa kama punje za ulezi, wakafa wakihangaika kupumua. Mama yake Mbuke alikuwa mmoja wao.

Alichukua tone la dawa ya fedha, inayofichua chumvi, akalidondosha kwenye maji ya birika. Yakaganda weupe, kama maziwa yaliyoharibika.

“Mungu wangu,” alisema, akaanza kupima mabomba yanayorudi.

* * *

“Mama Wande, foleni imefika mpaka kwa fundi cherehani!” Gambishi, msimamizi wa maji, aliingia akihema. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kujifuta jasho hata penye baridi. “Vipi, mbona kimya?”

Mbuke alimwonyesha kichupa. Gambishi alitazama ule weupe, akataka kuketi bila kutazama kiti kilipo, akakikosa, akajishika mezani.

“Inatoka wapi?”

“Nimepima mabomba yanayorudi. La sokoni safi. La shule safi. La zahanati limeganda kama jibini.”

“Zahanati!” Alijipiga paja. “Ninatuma askari sasa hivi.”

“Ngoja kwanza, Mzee Gambishi. Mwanangu yuko kule. Niache niende mimi nikasikie.”

“Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama.”

“Na haraka haraka haina baraka. Ukipeleka askari, mji mzima utajua kabla mimi sijajua.”

Gambishi alijifuta shingo. Alisema basi, aende, lakini awahi, maana watu walikuwa na ndoo tupu na jua lilikuwa linapanda.

Mbuke alipita njia ya nyuma ili asikutane na foleni. Zahanati ilikuwa jengo refu la matofali lililojaa harufu ya dawa ya kufulia na matapishi. Wagonjwa walikuwa wamelazwa kwenye mikeka hadi barazani, wengi wao watoto, na Mbuke alishtuka kuona kwamba hesabu aliyoidharau asubuhi haikuwa na uongo wowote. Huenda hata ilipungua.

Wande alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, kikombe mkononi.

“Mama, onja,” alisema. “Maji ya Holo yana ladha ya machozi, lakini pia yana sukari.”

Mbuke alichukua kikombe. Alionja kwa ncha ya ulimi, na ingawa hakuwahi kuijua ladha ile isipokuwa kwenye jasho lake mwenyewe, aliijua. Alikirudisha kikombe kwa binti yake. Kisha akamshika Holo mkono, akamvuta hadi stoo.

Holo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakusubiri kuulizwa. Alisogeza kreti, akaonyesha kiroba cha chumvi.

“Ya wachuuzi wa kule ziwani Eyasi,” alisema. “Niliwapa mablanketi yangu. Dripu ziliisha siku ya kwanza, dada Mbuke. Mtoto anayehara hivi ukimpa maji matupu yanapita tu. Maji, sukari, chumvi kidogo, ndipo mwili unayashika. Ni dawa ya kale kuliko mji huu.”

“Na ukanyamaza! Unajua birika linafanya kazi vipi, Holo. Unajua!”

“Nani kanyamaza?” Holo alimkazia macho. “Nilimwambia Karani kwa mdomo wangu. Nilisema, ‘Maji yetu tumeyatia chumvi.’ Nikakaa nikingoja mje, mnifunge au mnisaidie. Hamkuja. Mkanipunguzia na mgao! Nikasema basi, labda mmelipima jambo hilo mkaona halina madhara.”

Mbuke aliyarudia maneno hayo moyoni. Maji yetu tumeyatia chumvi. Katika mji ambao chumvi haijatiwa kwenye chungu kwa miaka na miaka, kutia chumvi kulikuwa kumebakiwa na maana moja tu, ile ya kukuza mambo. Hivyo ndivyo watu walivyosema kwenye foleni, na Karani alijifunza kwenye foleni. Alisikia muuguzi anakiri kosa la kudanganya, akamkata mgao kama inavyopasa. Na Mbuke mwenyewe, msoma kasi, bingwa wa chumvi wa mji mzima, alisikia hivyohivyo akasonya.

“Ilikuwa palepale masikioni mwangu,” alisema. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Sasa?” Holo aliuliza.

“Tukiiacha, birika haliivi. Yaani linaiva, lakini si leo. Labda kesho asubuhi, isipoongezwa punje nyingine.”

“Na mimi nikiiacha leo, jioni nitakuwa nachagua sanda.” Holo alielekeza kidevu barazani. “Yule mtoto mdogo wa Sayi ndiye wa kwanza. Wako anaweza kufika kesho. Anaweza. Sikuahidi.”

Mbuke aliuliza kama kuna maji safi yaliyobaki. Holo alisema ni madebe mawili tu, ya jana, na yakiisha atachanganya dawa kwa chochote atakacholetewa.

* * *

Gambishi alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Kelele za foleni zilipanda kutoka chini hadi chumba cha vichupa. Mtu alikuwa anagonga ndoo kwa mwiko.

“Sumu imebaki kiasi gani?” aliuliza.

“Karibu nusu.”

“Nusu.” Alitembea hadi mlangoni, akachungulia, akaufunga. “Sikiliza, Mama Wande. Mimi si mtu mbaya, unanijua. Ukisema hayajaiva, Karani atakuuliza sababu, na sababu itasikika kwenye vipaza sauti vyote. Ndiyo sheria. Watu wakisikia neno chumvi, na zahanati humohumo, wataivamia. Nitashindwa kuwazuia. Kiroba kitatupwa nje ya ukuta wa mji, na Holo pamoja nacho, na watoto... wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza.”

“Najua.”

“Ukisema yameiva, watakunywa. Nusu si kamili. Mtu mzima ataumwa kichwa, atatapika kidogo, tutasema ni huohuo ugonjwa. Kesho birika litakuwa sawa. Kiroba kitabaki kwa Holo, hakuna atakayejua.” Alishusha sauti. “Na nyumbani kwangu nina ndoo nzima ya maji ya juzi. Sijaigusa. Ninampelekea Wande, yeye peke yake, achanganyiwe dawa kwa hayo. Hatagusa tone la leo. Naapa.”

Mbuke alimtazama. Kilichomtisha zaidi ni kwamba hesabu ile ilikuwa sahihi. Aliiona yote hadi mwisho: Wande anarudi nyumbani, anaruka kamba uani. Maneno mawili tu, ambayo ameyasema kila siku ya kazi yake. Nani angehesabu tofauti? Moyo ulimwambia sema. Ulimwambia kwa nguvu hivi kwamba alisogea hadi kwenye kipaza sauti na kukishika.

Mtu mzima ataumwa kichwa. Na mtoto wa Sayi je, ambaye dawa yake itachanganywa kwa maji ya leo? Na yule mwenye mimba aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake pale chini, anajipepea kwa kipande cha boksi? Mboni zao angezijua akiziona. Alikuwa amewahi kuziona, za mama yake, alipoambiwa amfumbe macho.

Sasa angalia jambo lilivyo la kikatili. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, wakadhani wamemaliza. Hawakusema mama afanye nini pale wana wanaolia ni wengi na mmoja tu ndiye wake.

“Ngoja nikalete ile ndoo,” Gambishi alisema kwa upole, akidhani ameshinda.

Mbuke alipiga moyo konde.

“Karani,” alisema. “Maji hayajaiva.”

“Sababu?”

“Mama Wande!” Gambishi alinong’ona.

“Sababu ni chumvi.” Alisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka mitaani, ikichelewa kidogo, kama ya mtu mwingine. “Chumvi ya kweli, ya kuonja, si ya maneno. Imetoka zahanati. Wagonjwa wanainywa ili wasife, na binti yangu ni mmoja wao. Muuguzi alitoa taarifa, nikamsikia vibaya. Maji yataiva kesho asubuhi kama hakuna punje itakayoongezwa. Mwenye maji ya jana na amgawie mwenzake. Ya leo mtu asinywe hata tone, nawaomba. Nawaomba sana.”

Kelele za ndoo zilikatika. 

* * *

Alikimbia. Alipofika zahanati umati ulikuwa umeshatangulia, na askari mmoja wa maji alikuwa ametoka na kiroba amekikumbatia mbali na kifua, kana kwamba kinauma. Holo alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameitandaza.

“Watupwe nje!” alipiga kelele Nyanzobe, mama muuza uji, ambaye nyumba yake ilitazamana na ya Mbuke. “Mimi nilizika wawili mwaka ule wa chumvi! Wawili! Leo mnatuletea tena?”

“Watupwe!” wengine waliitikia.

Umati ulipasuka, Gambishi akapita. Alikuwa amebeba ndoo kichwani, mwenyewe, mtu mzima na cheo chake, maji yakimchuruzika usoni. Aliitua mlangoni pa zahanati bila kumtazama Mbuke.

“Ya wote,” alisema. Kisha akageukia watu, na sauti yake ilitetemeka. “Lakini sheria ni sheria. Chumvi haikai ndani ya ukuta.”

“Nani amesema ikae?” Mbuke alisema.

Alikuwa hajui kwamba ameshalifikiria wazo hilo hadi aliposikia limeshatoka mdomoni. Chumvi haikuwa na ubaya wowote, wala magadi hayakuwa malaika. Vilikuwa tu haviwezi kutiwa kwenye birika moja. “Itoke nje, na wanaoihitaji watoke nayo. Watibiwe nje ya ukuta. Watakachokunywa na watakachotapika kiingie mchangani, kisirudi kwetu. Birika litabaki na chumvi iliyokwisha kuingia tu, hilo nitalimaliza.”

“Nje kuna vumbi la sumu,” askari alisema.

“Wachuuzi wa Eyasi wanaishi hukohuko. Tutafunga vitambaa.”

“Na maji yatakayokwenda nje hayarudi,” Nyanzobe alisema. “Unajua maana yake? Kila kikombe ni kikombe kilichopotea!”

“Ndiyo, mama. Kimepotea. Nakuomba ukipoteze.”

 Nyanzobe alitema mate pembeni, tendo ambalo Mwaluba ni dhambi, akaondoka zake. Mbuke alidhani mambo yamekwisha. Lakini mama yule alirudi na mtungi wa maji ya jana begani, akautua karibu na ndoo ya Gambishi kwa kishindo, akasema asimwone mjinga, na kwamba bado ana hasira. Baada yake walikuja wengine. Si wote. Wako waliofunga milango na madirisha, na nani wa kuwalaumu, nao wana watoto.

Waliwabeba wagonjwa kwa mikeka. Mbuke alimbeba Wande mgongoni, mwepesi kama mzigo wa majani makavu, hadi lango la mashariki. Hapo Holo alinyoosha mikono kumpokea.

“Wewe huendi?” Wande aliuliza.

“Nikienda, nani ataangalia rangi? Nani atasema yameiva?” Karani alihitaji miezi kuizoea sauti mpya. Mbuke aliwahi kujivunia jambo hilo. “Nitakuja, mwanangu. Maji yakiiva.”

Wande hakulia. Aliushika mkono wa mama yake akaubana, vidole vikakunjuliwa kimoja kimoja, na lango likafungwa.

* * *

Umanjano ulikuja polepole. Mbuke hakuondoka mezani. Kila alipoinua kichupa ulikuwa umekolea kidogo tu, na kila alipokishusha alijikuta anatazama dirisha la upande wa ukuta, ambako kulikuwa na maturubai yamefungwa kwenye miiba, watu wakipita chini yake wameinama. Aliwaona wakipita na mitungi. Kisha aliwaona watu wawili wakichimba, akageuza uso, akajiambia wanachimba choo.

Kesho yake, jua lilipokwisha kupanda vizuri, kichupa cha mwisho kilifanana na kile kilichotangulia. Alipima tena kwa sababu hakuamini. Umanjano ulikuwa umekoma. Alienda kwenye kipaza sauti miguu ikiwa imekufa ganzi.

“Maji yameiva.”

Mji mzima ulipiga vigelegele. Koki zilifunguka mtaa baada ya mtaa, akasikia ndoo zikilia, watu wakisukumana, mtu akicheka kama mwendawazimu. Gambishi, aliyekuwa amelala kwenye kiti mlangoni, aliinuka akakumbatia nguzo.

“Koki ya nje sasa,” Mbuke alisema.

“Mgao wa nje ni mpya,” Karani alijibu. “Hutolewa kwa majina ya walio hai. Taja majina.”

Mbuke alifungua dirisha. Holo alikuwa amesimama chini ya ukuta na mitungi yake, kitambaa kimemfunika uso hadi macho.

“Wataje!” Mbuke alimpigia kelele. “Mmoja mmoja!”

“Masele Ndaki!”

“Masele Ndaki,” Mbuke alirudia kwenye kipaza sauti.

“Kashinje!”

“Kashinje.”

“Mdogo wa Sayi!”

“Mdogo wa Sayi,” alisema, na chini kwenye foleni mwanamke alipiga yowe la furaha, akaanguka chini.

Holo aliendelea kuita. Upepo ulimkata maneno, Mbuke akawa anainama dirishani hadi tumbo likaumia. Nkwimba. Mzee Mahona. Ng’wandu na kaka yake. Mengine Holo aliyaruka. Alikuwa akianza kuita, ananyamaza, anaita jina jingine. Mbuke alijua kunyamaza kule ni nini, wala hakuuliza ni nani. Kisha Holo aliacha kuita, akageuka, akarudi chini ya maturubai.

“Majina yamekwisha?” Karani aliuliza.

Mbuke alikuwa bado anayatazama maturubai.

“Majina yamekwisha?”

“Bado.”

“Sababu?”

 Gambishi alikuja akasimama nyuma yake, akanyoosha mkono kumshika bega, akaurudisha. Chini, watu waliokuwa wameshajaza ndoo hawakuondoka; walikuwa wametazama juu, kwenye dirisha, Nyanzobe akiwa mbele yao mikono kichwani.

Turubai lilifunuka. Holo alitoka amembeba mtu kiunoni, amefunikwa kitenge hadi usoni. Alitembea polepole hadi chini ya ukuta. Mkono mwembamba ulitoka ndani ya kitenge, ukakivuta pembeni.

“Na mimi je?” Wande alipaza sauti, ya kukwaruza, ya hasira. “Nimelala kidogo tu, unawataja wote, mimi huntaji! Nina kiu, mama!”

Mbuke alirudi kwenye kipaza sauti. Alifungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno.

“Sauti haijatambuliwa,” Karani alisema. “Rudia jina.”

Alijaribu tena, ikatoka kwikwi.

“Sauti haijatambuliwa. Rudia jina.”

“Wande!” Nyanzobe alipiga kelele kutoka chini. “Wande Mbuke, wewe bati usiye na masikio!” Na foleni nzima ikaitikia, wanaume kwa wanawake, Wande, Wande, lakini Karani hakuwa na habari nao.

Mbuke alijishika ukutani. Alimeza mate, akakohoa, akavuta pumzi kama mtu anayeingia majini. Kisha akalitaja jina la binti yake polepole, kwa sauti kavu ya kazini, bila kulikosea hata herufi, na koki ya nje ikafunguka.